Mzee wa Jeshi Yuko Majini, Wewe Umelala

Nimechoka kuona watu wazima wakiishangaa mvua.

Kila Novemba ni hivyo hivyo. Mvua kubwa ya kwanza inaipiga Lubumbashi usiku, na asubuhi watu wanasimama barabarani mikono kichwani: "Haijawahi kuonekana!" Haijawahi kuonekana wapi? Mji huu ulianzishwa mwaka 1910, na tangu hapo majira yake ya mvua yanaanza Novemba na kuisha Aprili. Ni karibu milimita 1,200 kwa mwaka, na karibu zote zinashuka katika miezi hiyo sita. Mtoto wa shule ya msingi pale Katuba anaijua kalenda hiyo. Wakubwa wetu ndio kila mwaka wanaisahau.

Na maji yanapita pale pale. Mto Naviundu unapanda mpaka Kampemba. Mifereji ya komini za Kenya na Katuba, iliyojaa chupa na mifuko ya plastiki, inatapika ndani ya nyumba za watu. Huko Annexe, Kisanga na Kasungami, ambako wengi wamejenga kwa matofali mabichi ya udongo wa kichuguu, ukuta unakunywa maji usiku kucha na alfajiri umelala chini. Upepo nao unachukua mabati. Kisha wanapita watu wenye kalamu na karatasi, wanaandika majina, wanaondoka.

Leo nataka tuseme juu ya mtu ambaye kalamu ile haimuoni. Mzee wa jeshi.

Usijifanye humjui. Yuko kwenye avenyu yako. Ni yule papa mwenye koti la kijani lililopauka, ambaye watoto wanamuita "Komanda" na wakubwa hawamuiti kitu. Ni yule mwenye mguu mmoja anayekaa kwenye kivuli cha mwembe tangu asubuhi. Ni yule mama, mjane wa sajenti, anayeuza makaa kwa kikopo mbele ya mlango ili apate unga wa bukari ya jioni.

Wewe unawajua kwa majina wachezaji wote wa Mazembe waliocheza fainali ya dunia ya vilabu na Inter kule Abu Dhabi, Desemba 2010. Vizuri. Jina la papa yule unalijua? Unajua mguu wake ulibaki wapi?

Utaniuliza: askari wa jeshi gani? Uliza, maana hapo ndipo ugonjwa wenyewe ulipo. Hapa Katanga kila utawala ulikuwa na jeshi lake, na kila utawala ulipoanguka uliwaacha wazee wake barabarani.

Babu zetu wa Force Publique waliingia Tabora Septemba 1916, wakawashinda Waitaliano huko Saïo, Ethiopia, Julai 1941. Majandarma wa Tshombe walipigana tangu 1960 mpaka uhuru wa Katanga ulipozimwa Januari 1963. Wengine wao walivuka kwenda Angola, wakaitwa Tigri, wakarudi na bunduki 1977, wakarudi tena Kolwezi Mei 1978, wakarudi mara ya tatu 1997, mwaka ambao Lubumbashi iliingia mikononi mwa Kabila baba. Askari wa Mobutu, wale wa FAZ, walivuliwa jeshi lao mwaka huo huo. Waliokuja baada yao walivunjwa kule Pweto, Desemba 2000, wakakimbilia Zambia. Mwaka 2003 likazaliwa FARDC kwa kuwachanganya maadui wa jana, na leo vijana wa jeshi hilo wanarudishwa kwetu vilema kutoka Masisi na Rutshuru.

Hesabu majeshi hayo. Sasa uliza kila ofisi: mzee huyu ni wa nani? Wa FAZ? Huyo ni wa Mobutu. Tigri? Huyo ni wa Tshombe, au wa Angola, au wa nani sijui. Wa Pweto? Huyo ni wa Kabila. Kila anayeketi kwenye kiti anasema mzee huyu ni wa yule aliyetoka. Wakubwa wamekwenda na magari yao, mzee amebaki na mguu mmoja.

Wapiganapo tembo nyasi huumia, walisema wahenga. Lakini hapa hata waliopigana kwa niaba ya tembo wameachwa kwenye nyasi.

Sasa lete maji.

Saa nane za usiku maji yanaingia. Wewe una miguu miwili: unabeba mtoto, unarusha godoro juu ya meza, unatoka. Yeye je? Anatafuta fimbo yake gizani ndani ya maji. Asubuhi misaada inakuja, kama inakuja: ndoo, blanketi, unga kidogo. Inagawiwa kwa foleni. Foleni ya kusimama, juani, kwa saa nyingi, vijana wenye nguvu mbele. Nani anafika mwisho wa foleni ile? Nani anafika wakati gunia limekwisha?

Na hilo ni dogo. Baya zaidi ni karatasi.

Maisha ya askari mstaafu wa Kongo yamo ndani ya bahasha moja. Humo mna cheti cha utumishi, namba ya matrikule, barua ya kustaafishwa iliyopigwa mhuri na mkubwa ambaye amekwisha kufa. Mjane ana cheti cha ndoa na cheti cha kifo. Bahasha hiyo iko chini ya godoro, au ndani ya sanduku la bati, au imechomekwa kati ya dari na ukuta. Ukuta ukianguka, bahasha imekwenda. Na bahasha ikienda, mtu amekwenda. Jana alikuwa ajida mstaafu anayesubiri haki yake, leo ni mzee tu anayesema aliwahi kuwa askari. Nani ataamini maneno yake? Faili lake lingine, kama lipo, liko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege. Kwa ndege, ndugu yangu. Mtu aliyelala bila bukari atapanda ndege?

Ukimpeleka ofisi ya mambo ya jamii, anaambiwa: papa, wewe ni mwanajeshi, nenda jeshini. Akienda jeshini anaambiwa: papa, mafuriko si kazi yetu, nenda mambo ya jamii, au ulinzi wa raia. Anazunguka. Anazunguka kwa fimbo, kwenye tope, mpaka anachoka. Nina hakika kuchoka kwake ndiko kunakosubiriwa.

Hatuna sheria? Tunayo! Sheria namba 13/005 ya 15 Januari 2013, juu ya hali ya mwanajeshi wa FARDC, inasema juu ya pensheni ya mstaafu na haki za mjane na yatima. Hatuna wizara? Tunayo! Soma jina lake kamili kwenye bango: Wizara ya Ulinzi wa Taifa na Wapiganaji wa Zamani. Wapiganaji wa zamani wamo ndani ya jina la wizara. Nawauliza wakubwa: jina hilo mliliandika ili lifanye kazi gani? Likae kwenye bango?

Ahadi ni deni. Na deni hili halikuandikwa na wakoloni. Tuliliandika sisi, kwenye sheria yetu, kwenye wizara yetu.

Juni 2022 mfalme Philippe wa Ubelgiji alikuja Kinshasa, akamvika nishani koplo Albert Kunyuku, mzee wa miaka 100, wa mwisho kati ya askari wa Force Publique waliopigana vita vya pili vya dunia. Watu walipiga makofi. Mimi nilifurahi kwa ajili ya mzee, alistahili. Lakini niliona aibu pia. Vita viliisha 1945. Tulingoja abaki mmoja ndipo tumpe mkono? Wenzake wote walikufa wakingoja nini? Na nishani, hata ya mfalme, haiezeki nyumba.

Msiniambie kwamba kuwatunza askari wa zamani wakati wa maafa ni anasa ya Wazungu. Nitawaambia kilichotokea New Orleans, Marekani, Agosti 2005, kimbunga Katrina kilipouzamisha mji. Serikali ya kule ililaumiwa vikali kwa namna ilivyowaacha maskini majini, na lawama hiyo ilistahili. Hospitali ya askari wa zamani nayo ilifurika na kufungwa. Lakini mafaili ya wagonjwa wake hayakuzama, kwa sababu yalikuwa yamehifadhiwa kwenye kompyuta na nakala zake zikapatikana nje ya mji. Askari mzee aliyekimbia bila viatu alifika mji mwingine, akataja jina lake, daktari akaiona dawa yake. Mji ulizama, jina la askari halikuzama. Hiyo ndiyo tofauti ninayoitafuta. Siombi majumba. Naomba jina la mzee lisizame.

Hata wenzetu wa Afrika Mashariki wamejaribu. Uganda ilianzisha bodi ya kuwasaidia askari wa zamani mwaka 1992. Kenya imetunga sheria yake mwaka 2022. Mtasema hazitoshi. Sawa, hazitoshi. Sisi tuna nini hapa Lubumbashi cha kusema kwamba hakitoshi?

Najua unachotaka kusema sasa. Nakiona mdomoni mwako.

Unataka kusema: askari hao hao walitupora. Unakumbuka 1991. Wakati ule waliingia madukani na majumbani, wakabeba friji, wakabeba mashine za kusaga, wakabeba mpaka milango. Wafanyabiashara walikimbia na wengine hawakurudi tena. Mji huu haujasahau, na sitakuomba usahau. Kuna nyumba ambazo jeraha lile bado linauma, na mimi siwezi kumwambia mwenye jeraha kwamba halimuumi.

Lakini nakuuliza: kwa nini walipora? Walikuwa hawalipwi. Dola lilimpa mtu bunduki, likamnyima mshahara, kisha likashangaa. Mwenye njaa hana miiko. Aliyemnyima solde yule askari ndiye huyo huyo aliyekuacha wewe bila mlinzi. Na walio chini ya mwembe leo, wangapi walipora? Yule wa Pweto alipora nini 1991, alipokuwa darasa la tano? Yule mjane alibeba friji ya nani?

Aliyepora na ahukumiwe. Mgala muue, na haki yake mpe. Tangu lini mvua imekuwa hakimu?

Wewe mtu wa Lubumbashi ungepaswa kuelewa kuliko wote. Baba yako, au mjomba wako, alikuwa Gécamines. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi elfu 10 waliambiwa waondoke "kwa hiari". Unajua hiari ile ilikuwaje. Unajua waliondoka na kitu gani mkononi baada ya miaka 20, miaka 30 ya kazi. Unajua wangapi walizikwa wakiwa bado wanasema "pesa yangu itatoka". Uliliona hilo nyumbani kwako, ukalia. Leo linampata mzee wa jeshi, upande wa pili wa ukuta, na wewe umelala?

Amka!

Amka, kwa sababu kijana wa jeshi anaangalia. Hapa ndipo ninapotaka wakubwa wanisikilize vizuri. Goma ilianguka Januari 2025. Bukavu ikaanguka Februari. Machi rais akatangaza kwamba mshahara wa askari utaongezwa mara mbili. Ni jambo jema, nalisifu waziwazi. Lakini kijana aliyepewa mshahara huo ana macho. Anapokuja likizo Ruashi anamkuta baba yake, sajenti mstaafu, amelala kwa jirani kwa sababu nyumba imeanguka. Anamkuta shangazi yake, mjane wa askari, akiomba bati moja kwa shefu wa kartiye. Anarudi mstari wa mbele na picha hiyo kichwani. Mkubwa anamwambia: simama, pigana, taifa liko nyuma yako. Yeye amekwisha kuona kilichoko nyuma yake. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

Mtamlaumu akikimbia? Mtamlaumu akiuza risasi? Mimi nitamlaumu, ndiyo, kwa sababu raia watakufa kwa kukimbia kwake. Lakini nitawalaumu ninyi kwanza.

Na yule aliyekwisha kutoka jeshini je? Tulikwisha jaribu kuwatoa watu kwa pesa ya soda. Baada ya 2003, kwenye mpango ule wa CONADER, aliyeweka silaha chini alipewa dola 25 kwa mwezi kwa muda wa mwaka mmoja. Mwaka ukaisha. Tukasema kazi imekwisha. Wangapi walirudi msituni? Mtu anayejua kufungua na kufunga bunduki gizani, ukimuacha na watoto watano kwenye nyumba iliyoanguka, bila unga, bila karatasi, bila mtu wa kumsalimia, unadhani ni nani atakayemfuata kwanza? Padri? Anayemfuata kwanza ni mwenye kundi la silaha, na huyo anakuja na pesa mkononi. Tarehe 23 Machi 2013 wapiganaji wa kundi la Bakata Katanga waliingia mpaka katikati ya mji huu. Umesahau ulikuwa wapi siku ile? Umesahau ulivyolala chini ya kitanda na watoto?

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wataniambia hakuna pesa. Hapo ndipo damu yangu inapochemka kabisa. Hakuna pesa Haut-Katanga? Malori ya shaba na kobalti yanapanga foleni mpaka Kasumbalesa, usiku na mchana, na pesa hakuna? Kanuni ya madini ya 2018 imegawa mrabaha wa madini waziwazi: asilimia 25 ya jimbo, asilimia 15 ya komini na sekta ambako madini yanachimbwa. Ruashi inachimbwa. Annexe inachimbwa. Fungu la komini ni la kujenga vitu vya msingi vya wananchi. Mfereji si kitu cha msingi? Fungu la jimbo linapita mbele ya wabunge wa jimbo. Ni mbunge gani aliyewahi kusimama akauliza: ndani ya bajeti hii, mstari wa wazee wa jeshi na wajane wao wakati wa mafuriko uko wapi?

Na wasiseme serikali haiwezi kukimbia. Inaweza. Novemba 2025, bwawa la maji ya sumu la kampuni ya madini ya CDM lilipopasuka na maji yale yakaingia mitaani huko Annexe, waziri wa madini alikuja mwenyewe na kuisimamisha kampuni kwa miezi 3. Miguu ipo basi. Inakimbia inapotaka.

Sasa nimalize na wewe, jirani, maana wakubwa nimewasema vya kutosha na wewe umekuwa ukitikisa kichwa kana kwamba hili halikuhusu.

Mzee wa jeshi akifa, unafanya nini? Unakuja kwenye matanga. Unachanga. Hema linakuja, viti vinakuja, muziki unakuja, jeneza linalong'aa linakuja. Watu wanasimama kusema alikuwa shujaa. Pesa ya jeneza lile ingenunua mabati ya nyumba nzima. Mtu yule aliishi miaka 10 chini ya dari inayovuja, umbali wa milango mitatu kutoka kwako, na hukumpelekea bati moja. Shukrani ya punda ni mateke, tunasema tukiwa tumekaa. Punda ni nani hapa?

Mwaka huu, kabla ya mvua, fanya hivi. Vuka ukuta, ingia kwa mzee. Msalimie kwa jina lake na cheo chake. Mwambie akuoneshe bahasha. Simu yako ina kamera: piga picha kila karatasi, mbele na nyuma, itume kwa mwanawe, itume kwa paroko au mchungaji, itume kwa mtu aliye nje ya mji. Haikugharimu hata faranga mia tano. Kisha nyote wa avenyu moja, andikeni majina: askari wa zamani, vilema wa vita, wajane, na nani kati yao hawezi kutembea. Pelekeni nakala kwa shefu wa kartiye, nakala kwenye komini, nakala kwa mbunge wenu wa jimbo, na kila nakala igongwe mhuri wa kupokelewa. Msiondoke bila mhuri. Nyumba ikianguka, pasiwe na mtu wa kusema hakujua.

Wabunge wa jimbo wanakutana Septemba kwa ajili ya bajeti. Mvua inaanza Novemba. Nendeni sasa.